Cherkasov mbele ya Stalin

Mwaka 1942, Wajerumani wakiwa ndani ya ardhi ya Kisovieti, Stalin alianzisha nishani ya Alexander Nevsky kwa makamanda wa jeshi. Nevsky, mtawala wa Kirusi, aliishi karne ya 13 na hakuna picha yake iliyochorwa enzi za uhai wake. Msanii wa nishani akachukua sura ya Nikolai Cherkasov, mwigizaji wa Leningrad aliyekuwa Nevsky katika filamu ya Sergei Eisenstein ya 1938. Maelfu ya maofisa wakavishwa kifuani uso wa mwigizaji.

Wanaomshutumu Cherkasov kwamba alikuwa chombo cha dola ya Stalin hawahitaji ushahidi zaidi. Alipewa Tuzo ya Stalin zaidi ya mara moja, akawa mbunge wa Baraza Kuu, na aliigiza watu ambao dola ilitaka watukuzwe. Filamu ya Nevsky yenyewe iliondolewa kwenye majumba ya sinema mwaka 1939, serikali ya Stalin ilipotia saini mkataba na Ujerumani ya Hitler, kisha ikarudishwa 1941 Hitler alipovamia. Mwigizaji ni yuleyule, na hakubadilisha hata neno. Kilichobadilika ni haja ya serikali.

Wanaomtetea husema zama zile hazikuwa na mchezo. Vsevolod Meyerhold, mwongozaji mkubwa wa tamthilia, alipigwa risasi Februari 1940. Solomon Mikhoels, nguli wa jukwaa la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, aliuawa Minsk Januari 1948. Ni kweli, lakini kwangu utetezi huu ni mwepesi. Hofu inaeleza kwa nini mtu alinyamaza. Haielezi ubunge wala tuzo.

Kesi nzito iko Kremlin, makao ya serikali Moscow, usiku mmoja wa Februari 1947. Sehemu ya pili ya filamu ya Ivan wa Kutisha, ambayo Cherkasov alikuwa Ivan, mfalme wa Urusi wa karne ya 16, ilikuwa imepigwa marufuku. Yeye na Eisenstein wakaitwa mbele ya Stalin na wasaidizi wake wakuu, Molotov na Zhdanov. Stalin alilalamika kwamba Ivan wao anasitasita kama Hamlet, mwanamfalme wa tamthilia ya Shakespeare. Zhdanov akasema Ivan anainua kichwa mno ili ndevu zake zionekane, na Eisenstein akaahidi kuzifupisha. (Watawala wa nchi kubwa namna ile, usiku ule, wanajadili urefu wa ndevu.) Cherkasov aliomba ruhusa ya kuvuta sigara. Baadaye akauliza kama mauaji ya Vladimir Staritsky, binamu wa mfalme, yanaweza kubaki kwenye filamu. Akajibiwa yabaki, mauaji yalikuwepo. Mwaka uleule akatunukiwa cheo cha Msanii wa Umma wa USSR.

Ukitaka kumhukumu, hapo alikuwa mtumishi anayepokea maelekezo. Ukitaka kumtetea, alikuwa anaokoa kipande cha filamu mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumfuta duniani. Mtumikie kafiri upate mradi wako. Mimi naona yote mawili yalikuwa yakitendeka kwa pamoja.

Kinachonivuruga zaidi ni filamu yenyewe. Ivan wa sehemu ya pili ni mtu mpweke, mwenye shaka, aliyezungukwa na wauaji aliowalea mwenyewe. Huwezi kusema huyo ni tangazo la dola. Basi Cherkasov apewe sifa? Si zote. Katika kumbukumbu zake alilalamika kwamba Eisenstein alimlazimisha kuupinda mwili katika mikao migumu, akimpanga kama sehemu ya picha. Yaani ile kazi inayomtetea kuliko zote aliifanya akinung'unika, na ujasiri mwingi uliomo ni wa mwongozaji.

Kazi iliyo yake hasa ni Don Quixote, mzee wa riwaya ya Cervantes anayejiona shujaa wa zama za kale. Filamu ya Grigori Kozintsev ilitoka 1957, Stalin akiwa ameshakufa, hivyo wakosoaji husema ushujaa huo ulichelewa. Wanasahau kwamba Cherkasov, yule mrefu mwembamba aliyeanza kwa vichekesho, alikuwa ameshamwigiza Don Quixote jukwaani akiwa kijana, miaka ya 1920. Akamrudia mwaka 1941 katika tamthilia ya Mikhail Bulgakov, mwandishi ambaye serikali ilimbana hadi kifo chake mwaka mmoja kabla. Hakuna Kremlin iliyomwagiza kumpenda mzee yule.

Marekebisho ya Ivan yaliyoahidiwa Kremlin hayakuwahi kupigwa picha. Eisenstein alifariki Februari 1948, na sehemu ya pili ya filamu ikaonyeshwa mwaka 1958, ndevu zikiwa na urefu wake uleule.