Explorer ya polisi iliyostaafu: tatizo ni petroli, au ni saa za injini?

Ford ilipoanza kuuza Explorer ya polisi kama modeli ya 2013, kwa jina la Police Interceptor Utility, haikuchukua muda likawa gari la doria lililoenea kuliko mengine Marekani. Idara za polisi huyabadilisha magari haya baada ya miaka michache, na yanayotoka kazini huishia mnadani. Ndiyo maana Mswahili anayeishi Columbus, Louisville au Portland ya Maine hulikuta mara kwa mara: bei yake inavutia, lina injini ya V6, linavuta kwa magurudumu yote manne kwenye theluji. Halafu anaambiwa, "Achana nalo, hilo linakunywa mafuta." Mwingine anamjibu kuwa ni Explorer tu kama nyingine. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, ila nadhani ubishi wao unamwacha mnunuzi bila jambo la maana zaidi.

Tuanze na vipimo rasmi. EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, liliipa Explorer ya polisi yenye injini ya lita 3.7 maili 16 kwa galoni mjini, 21 kwenye barabara kuu, na 18 kwa wastani. Kwa hesabu ya nyumbani hiyo 18 ni kama kilomita 7.6 kwa lita. Explorer ya kiraia ya miaka hiyo hiyo, V6 ya lita 3.5 inayovuta magurudumu manne, ilipewa wastani wa 19. Tofauti ni maili moja. Kwa hiyo si kweli kwamba gari la polisi limeundwa linywe kuliko ndugu yake.

Basi sifa mbaya imetoka wapi? Imetoka kwenye kazi yenyewe. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa gari lililosimama huku injini inawaka huunguza kati ya robo na nusu galoni kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na kama kiyoyozi kinafanya kazi. Gari la doria lina V6, lina taa, redio na kompyuta, na kiyoyozi hakizimwi, kwa hiyo tuseme nusu galoni. Sasa piga hesabu ya zamu moja. Askari amesimama kandokando ya barabara jumla ya saa 5, zimekwenda galoni 2.5. Ameendesha maili 60 kwa kiwango cha 17, zimekwenda 3.5. Jumla ni galoni 6 kwa maili 60, yaani maili 10 kwa galoni, na gari halina ubovu wowote. Ukiona kwenye picha za mnada dashibodi inaonyesha wastani wa 10 au 11, usishtuke. Hayo ni mafuta ya kusubiri. Ukishalinunua, jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha tripu kwenye sifuri, endesha kawaida yako, kisha jaza tena na ugawe maili kwa galoni ulizoongeza. Fanya hivyo kwa matangi kadhaa. Namba hiyo ndiyo yako.

Hata hivyo anayeonya naye asipuuzwe, maana hiyo 18 ya karatasi wengi wetu hatutaifikia. Kwa takwimu za serikali, gari la petroli likiendeshwa mjini kwenye baridi ya nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri hupoteza karibu asilimia 15 ya umbali linaokwenda kwa galoni moja, ukilinganisha na nyuzi 25, na kwenye safari fupi hasara huzidi. Mtu wa Minneapolis anayekwenda maili nne kufika kazini na kulipasha gari moto dakika kumi kila alfajiri, anarudia kidogo kidogo kosa lile lile la doria. Huyo ajiandae kwa 13. Mwenye safari za mchanganyiko ningemshauri apange bajeti kwa 16.

Tuchukue maili 12,000 kwa mwaka na petroli ya dola 3. Kwa 16, ni galoni 750. Camry ya silinda nne ya 2018 yenye kipimo cha 32 tuipunguzie nayo kwa haki, ishuke hadi 28: galoni kama 429. Tofauti inakaribia dola 960 kwa mwaka. Ikiwa Explorer imekupunguzia dola 3,000 siku ya kununua, kwenye mwaka wa nne unafuu wote umeshaishia kituo cha mafuta. Si maafa, lakini si bure pia.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile ambacho odometa haikisemi. Injini ya gari la polisi hulika hata maili zisipoongezeka, na Ford yenyewe imeelekeza kuwa saa moja ya kusimama injini ikiwaka ihesabiwe kama maili 33 hivi za uchakavu. Kwenye dashibodi ya magari haya kuna ukurasa unaoonyesha saa zote za injini na saa za kusimama. Fungua huo kabla hujataja bei. Gari la maili 90,000 lenye saa 3,000 za kusimama lina injini ya karibu maili 189,000. Na katika V6 hii pampu ya maji imo ndani, inazungushwa na cheni ya taimingi. Ikivuja vibaya, maji ya kupozea yanaingia kwenye oili, na kuibadilisha pampu hiyo tu ni kazi ya kufungua mbele yote ya injini. Bili moja ya namna hiyo inafunika ubishi wote wa maili mbili tatu kwa galoni.

Kuna jambo jingine wanalolisahau wenye familia kubwa. Toleo la polisi halina safu ya tatu ya viti. Unalipia kiu ya gari la watu saba na unapakia watano, sawa na Camry. Na milango ya nyuma mara nyingi imefungwa isifunguke kutoka ndani, kwa hiyo irekebishwe kabla mtoto hajakaa pale.

Kuanzia modeli ya 2020 hesabu inabadilika, kwa sababu toleo la kawaida la polisi likawa haibridi, yaani ya petroli na umeme, ya lita 3.3 yenye kipimo cha 24 kwa wastani. Ikisimama, betri hubeba mzigo wa umeme na injini huwaka kwa vipindi tu. Kwa hizo, saa za kusimama hazina uzito ule ule, faida kubwa iko mjini, na Ford iliziwekea sehemu za haibridi dhamana ya miaka 8 au maili 100,000. Ikipatikana ambayo dhamana yake haijaisha, mimi ningelipa zaidi kwa hiyo. Ile ya lita 3.7 ningeichukua tu ikiwa na saa chache, kwa mtu mwenye safari ndefu na theluji nyingi.