Udongo wa Nangurukuru Utajwe Pamoja na Mjusi wa Tendaguru

Kila linapozuka suala la utalii wa kusini, mjusi wa Tendaguru, yule dinosauri mkubwa aliyechimbuliwa mkoani humo, hurudi midomoni mwa watu wa Lindi. Madai ya kutaka arejeshwe ni ya haki: mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Berlin, ambako mnyama huyo alisimamishwa mwaka 1937, na leo kimo chake ni zaidi ya mita 13. Hoja ya kumrejesha imefika bungeni zaidi ya mara moja, nami sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni mazoea ya kuzungumza kana kwamba historia yote ya kale ya mkoa huu ilipakiwa melini siku zile ikaondoka.

Mjusi yule aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Dinosauri waliendelea kuitawala nchi kavu hadi miaka milioni 66 iliyopita, na habari za sehemu ya mwisho ya enzi yao zimehifadhiwa wilayani Kilwa, katika tabaka la udongo mzito ambalo wanajiolojia wamelipa jina la Nangurukuru. Ndiyo, Nangurukuru hii hii ya njia panda, ambapo basi la Dar es Salaam humshusha abiria wa Kilwa Masoko kisha likaendelea na safari ya Lindi. Tabaka hilo lilianza kujengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, na sehemu yake ya juu ni ya kipindi cha mwisho cha enzi ya dinosauri, kabla hawajatoweka.

Anayetazamia kuona mfupa wa paja humo atakata tamaa mapema. Visukuku vya Nangurukuru ni magamba ya foraminifera, viumbe wa baharini wenye seli moja, ambao wengi wao hawafikii hata milimita moja. Mtaalamu huloweka bonge la udongo katika maji mpaka lilainike, hulisafisha juu ya chekeche lenye matundu madogo mno, hukausha kinachobaki, kisha huyaokota magamba moja moja kwa ncha ya brashi akiwa ameinamia hadubini. Kinachomshangaza ni mng'ao wake: gamba la Kilwa huonekana angavu kama kioo, ilhali magamba mengi ya umri huo yaliyotolewa katika sakafu ya bahari kuu ni meupe yaliyofifia, kwa sababu chokaa yake ya asili ilikwisha kuyeyuka na kuganda upya. Udongo wetu haupitishi maji kwa urahisi, wala haukufukiwa kwa kina kikubwa, na hivyo gamba limebaki jinsi lilivyokuwa.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika elimu ya tabianchi. Oksijeni iliyomo katika chokaa ya gamba huonyesha joto la maji ambamo kiumbe aliishi, na kwa miaka mingi vipimo vya magamba yaliyoharibika viliashiria kwamba bahari za tropiki zilikuwa baridi kuliko ilivyotarajiwa, jambo lililowatatiza watafiti kwa kuwa dunia ya wakati ule ilikuwa na joto jingi. Mwaka 2001 mwanajiolojia Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba yaliyohifadhiwa vizuri, yakiwamo ya pwani yetu, wakaonyesha kwamba joto la uso wa bahari hizo lilikuwa angalau nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi. Baadaye uchorongaji ulifanyika Kilwa na Lindi kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ili kupata udongo ambao haujaguswa na mvua wala mizizi.

Najua jibu nitakalopewa: mtalii hapandi ndege kuja kutazama matope. Huenda ni kweli, lakini mtalii wa Kilwa Kisiwani, magofu yaliyo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, hupita juu ya udongo huu akienda Masoko, na hakuna gharama kubwa katika kumwekea chumba kimoja chenye hadubini, picha zilizokuzwa na maelezo ya Kiswahili. Tena mimi simfikirii mtalii kwanza. Namfikiria mwanafunzi wa Kilwa anayekariri aina za miamba katika somo la jiografia bila kuambiwa kwamba udongo unaonasa viatu vyake wakati wa masika umesaidia kurekebisha hesabu ya joto la dunia.

Halmashauri inaweza kuanza bila kusubiri mfadhili. Mkandarasi anapochimba kisima au mtaro wa barabara katika eneo hilo, aombwe kuacha ndoo chache za udongo wa chini, zilizoandikwa mahali na kina zilipotoka, katika shule ya sekondari iliyo karibu. Maji, chekeche la maabara na hadubini ya somo la baiolojia vitatosha kwa vipindi vya kwanza.