Tanuri Lisilowashwa

Villar-d'Arêne ni komuni ndogo ya milimani katika Hautes-Alpes, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Kijiji chenyewe kiko mita kama 1,650 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vyake, Les Cours na Pied du Col, vimekaa mbalimbali bondeni. Wageni wengi huenda kutazama barafu ya mlima Meije. Mimi kilichonikaa moyoni ni tanuri.

Kila Novemba wenyeji huoka humo mkate mweusi waitao pain bouilli, yaani mkate uliochemshwa. Unga ni wa rai, nafaka jamaa ya ngano inayostahimili baridi. Humwagiwa maji yanayochemka, ukakandwa, ukaachwa uumuke wenyewe bila hamira, kisha mikate ikaiva polepole kwa saa saba hivi. Hutoka na ganda gumu jeusi, ndani unanata kidogo, una utamu wenye uchachu kwa mbali. Zamani uliokwa mara moja tu kwa mwaka, ukaliwa kipupwe kizima. Ulipokauka, ulikatwa kwa kisu kilichofungwa ncha yake kwenye ubao: mtu anakandamiza mpini kwa nguvu zote, vipande vinalowekwa kwenye supu.

Sababu ilikuwa kuni. Kule juu miti ni haba, hata watu walikausha samadi ya kondoo wapate cha kuchoma. Nani angeweza kuwasha tanuri lake kila wiki? Basi moto ukawa mmoja, wa wote. Sehemu nyingi za milima ya Alps walipiga kura ya bahati nasibu kupanga zamu, maana anayetangulia hukuta mawe ya baridi na kuni zake ndizo zinazoteketea zaidi.

Tanuri la namna hii huitwa four banal. Jina linatoka enzi za mabwana wenye ardhi, mwanakijiji alipolazimika kuoka kwa bwana na kumlipa. Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta kabisa wajibu huo mwaka 1793. Jina likabaki, tanuri likawa la umma.

Ndiyo maana naumia nikiona tanuri la kitongoji fulani limekarabatiwa vizuri, paa jipya, kibao cha maelezo ukutani, na mdomo wake umezibwa kwa wavu. Nyumba za jirani ni za likizo: Agosti taa zinawaka, Februari giza tupu. Hapo kilichohifadhiwa ni mawe. Kwa maoni yangu, fedha za urithi zianzie kwa watu: nyumba ya kupanga ambayo kijana ataimudu, shule iliyo karibu, barabara inayosafishwa theluji hadi kitongoji cha mwisho. Wakiwepo hao, atapatikana wa kupasua kuni, wa kukanda, na wa kukesha akichungulia moto, huku watoto wakisubiri nje kwenye baridi mkate wa kwanza utoke.