Mtwara ipewe reli kabla ya Bagamoyo kupewa gati

Kila mjadala wa bandari Tanzania huishia Dar es Salaam. Mwaka 2023 tulibishana miezi kadhaa, bungeni, makanisani, vijiweni na mitandaoni, kuhusu kampuni ya DP World ya Dubai kukabidhiwa sehemu ya bandari ile. Mwaka uliofuata Adani, kampuni ya India, wakachukua gati namba 8 hadi 11, na wengi wetu tulikuwa tumeshachoka kubishana. Kilichonikera ni kwamba katika kelele zote zile sikusikia mtu akiulizia Mtwara.

Bara tuna bandari kuu tatu za bahari: Tanga, Dar na Mtwara. Mzigo mwingi unashuka Dar, na ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndiko kwenye mitambo. Mitambo inanunuliwa. Kinachoibeba Dar ni kilicho nyuma ya geti: Reli ya Kati inayofika hadi Kigoma, bomba la TAZAMA linalopeleka mafuta Ndola, Zambia, tangu 1968, reli ya TAZARA ya kwenda Zambia iliyokamilika 1975, na sasa reli ya kisasa, SGR. Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kongo, anayeagiza mzigo anachotaka ni njia ya kuufikisha nyumbani. Foleni ya malori pale Kurasini ndiyo gharama ya kuielekeza nchi nzima kwenye mlango mmoja.

Tanga sina wasiwasi nayo sana. Kwa miaka mingi meli zilikuwa zikitia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari ndipo uletwe ufukweni, kazi mara mbili kwa shehena ileile. Serikali ikatumia zaidi ya shilingi bilioni 429, kina kikatoka mita 3 hadi 13, na sasa meli inafunga gatini. Reli ya kwenda Moshi ipo tangu enzi za Mjerumani, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapohapo Tanga.

Mtwara, kwa upande wake, ina kina cha asili ambacho wenzake wamekilipia mabilioni. Waingereza walikiona mapema. Walipoanzisha ule mradi wao wa karanga kule Nachingwea miaka ya 1940, walijenga bandari na reli vikiwa pacha. Karanga zikagoma kuota, mradi ukafa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ikabaki peke yake, na sisi tukaanza kuilaumu kwamba haina mzigo!

Mzigo upo. Kuna korosho, na kuna makaa ya mawe ya Ruvuma. Hata hivyo, kwa misimu kadhaa korosho za Newala na Tandahimba zilikuwa zikipakiwa kwenye malori, zinavuka Daraja la Mkapa na kwenda kutafuta meli Dar, huku bandari ikiwa mlangoni kwao. Serikali ikaja kuagiza zisafirishwe kupitia Mtwara, na nililiunga mkono agizo hilo. Ila agizo haliiti meli. Korosho zinahitaji kontena tupu, na kontena tupu halijileti. Linakuja likiwa na bidhaa za mtu, zinashushwa, ndipo korosho ziingie. Mahali pasiposhushwa kitu, mwenye meli analeta kontena tupu na gharama yake anaitupia kwenye bei ya usafirishaji. Mwisho wa hesabu anayelipa ni mkulima, mnadani.

Ndiyo maana gati jipya la mita 300 pale Mtwara, zuri kama lilivyo, halitoshi. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye tawi la kwenda kwenye chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, imekuwa kwenye mipango na hotuba tangu zamani. Ikijengwa, chuma na makaa vitashuka, na treni itakaporudi haitakosa cha kupakia: mbolea ya wakulima wa mahindi wa Songea na Njombe, saruji, mafuta, na bidhaa za Malawi za kuvushwa Ziwa Nyasa. Bagamoyo, inakopangwa bandari mpya kwa mkataba wa 2013 uliosimamishwa, halafu mazungumzo yake yakafufuliwa, iko mwendo mfupi tu kutoka Dar. Hata ikijengwa, mkulima wa Tandahimba haimpunguzii kilomita hata moja.

Wanaosema reli ya kusini ni ghali wana hoja. Basi tuanze na kilicho rahisi: mbolea ya ruzuku ya Ruvuma na Njombe ishushwe Mtwara kuanzia msimu ujao. Barabara ya lami kwenda Songea ipo, na kila kontena la bidhaa litakaloshuka ni kontena moja la korosho lililopatikana bila kuletwa tupu.