Chelezo Kisikimbie Mbele ya Chambo

Ukipita Tudor hapa Mombasa jioni maji yakipwa, utawaona vijana wamejipanga kwenye mawe, kila mmoja na ufito wake, vyelezo vyao, vile viboya vidogo vinavyoshikilia mshipi juu ya maji, vinakwenda mbio kuelekea Nyali. Wanatupa, wanasindikiza kwa macho, wanavuta, wanatupa tena. Haipiti nusu saa utasikia lile neno: "Maji makali leo, ongeza risasi."

Mimi nasema risasi, ule uzito wa kuzamisha chambo, haikupungua. Imekaa mahali pabaya.

Nami nilikuwa mtu wa kuongeza. Nilifunga chubwi moja nzito ya risasi shibiri moja juu ya ndoana, nikaamini nimemaliza kazi. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akivua kando yangu alinitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, chelezo chako chaburuta chambo kama punda wa mkokoteni. Samaki atakila saa ngapi?" Nikamuuliza, "Sasa nifanyeje, ami?" Akanivulia mshipi wote majini, akaikata ile chubwi, akaanza kupanga upya kwa punje ndogo za risasi, moja moja. Jioni ile nilirudi nyumbani na chaa saba, na tangu hapo sijarudia ule mtindo wa chubwi moja.

Jambo lenyewe ni hili. Maji ya mkono wa bahari hayaendi kasi moja kutoka juu hadi chini. Ya juu hupita bila kizuizi, ya chini hujikwaruza kwenye matope, mawe na mizizi ya mikoko, yakapungua mwendo. Chelezo kiko juu, chambo kiko chini. Ukikiacha chelezo kijiendee, kitafuata maji ya juu na kukivuta chambo nyuma yake, kwa kasi ambayo hakuna chakula kingine kule chini kinachokwenda nayo. Chaa na changu wamezoea riziki inayokuja taratibu, sawa na maji yao. Kipande cha nyama ya kamba kinachowapita mbio wanakiacha kipite. Mtoni ni vivyo hivyo. Wavuvi wa mto Trent kule Uingereza hutumia vyelezo vyembamba kama kijiti, na kazi yao kubwa baada ya kutupa ni kukizuia chelezo, wasikiache kikatawala.

Sasa tupange punje. Chukua chelezo kinachobeba gramu 2, na maji yenye kina cha pima moja hivi. Nne za gramu 0.4 na mbili za gramu 0.2 zinatosha kukisimamisha vizuri, ncha tu ikibaki juu. Zile kubwa zianzie karibu na chelezo na kushuka, zikiachana nafasi sawa kama vifungo vya shati. Ndogo mbili ziwe za mwisho, ya chini kabisa ikae shibiri moja kutoka kwenye ndoana. Mshipi uliopangwa hivi hulala mshazari kwa ulaini, na chambo kinashuka kama kitu kilichoanguka chenyewe. Hii ni ya maji ya wastani, hasa siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu.

Maji makuu, yaani bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, ni habari nyingine, na hapa ndipo wanaonibishia wana haki kidogo. Bamvua likiwa limekolea, saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kupwa ndizo zenye nguvu kuliko zote. Punje zilizotawanyika zitainuliwa zote na chambo hakitafika chini. Hapo nakusanya zile kubwa pamoja, dhiraa moja juu ya ndoana, na chini yake naacha punje moja ndogo tu. Fungu hilo hushuka haraka likakata maji ya juu, na ile ndogo ndiyo inayokuambia chambo kimekaa. Kama chelezo ni kidogo mno kwa uzito unaohitajika, badilisha chelezo. Usikizamishe kwa nguvu kisha ukalalamika huoni samaki akiuma. Ila kwa maoni yangu, saa hizo mbili ni bora ukae ukanywe chai, ama usogee pembeni pale maji ya kasi yanapogusana na maji yaliyotulia. Samaki nao hawapendi kupigana na mkondo saa nzima.

Punje peke yake haitoshi bila mkono. Baada ya kutupa, uangalie mshipi ulio juu ya maji, kati ya ufito na chelezo. Ukipinda ukatangulia mbele ya chelezo, ndio unaovuta. Inua ufito, uuzungushe mshipi urudi upande maji yanakotoka, taratibu, bila kukitikisa chelezo. Wakati wa kusi upepo huupuliza mshipi mpaka ukawa kama upinde, na itakubidi ufanye hivyo kila baada ya muda mfupi. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Nalo la mwisho, linaloniuma. Wapo wanaoyeyusha risasi ya betri za gari kwenye kopo ili wapate chubwi za bure, tena uani, watoto wakicheza pembeni. Mombasa hii hii tunajua risasi ilivyowafanyia watu wa mtaa wa Owino Uhuru, ambao mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri jirani nao. Uingereza walianza kuzuia punje za risasi za uvuvi mwaka 1987 kwa sababu ya bata maji waliokuwa wakizimeza na kufa. Sisi tuna watoto. Nunua punje zilizo tayari, zisizo za risasi ukizipata, uzibane kwa koleo. Usizibane kwa meno, na unawe mikono kabla hujagusa andazi.

Ukishayapanga hayo, tupa, acha chelezo kisimame, kisha ukishike kidogo kwa mshipi, hesabu tatu, ukiachie. Ukikizuia, chambo kinatangulia mbele yake na kuinuka kidogo kutoka chini, ukikiachia kinashuka tena. Mara nyingi chelezo changu huzama pale pale, katikati ya kushika na kuachia.