Mkanda Ulikuwa Kazini

Acheni kunitumia ile klipu. Ninayo. Nimo. Tena aliyeisambaza ameikata pale panapomfaa yeye, ndiyo maana inaonekana nimeamka tu asubuhi nikaamua kupigana na mashine ya kufulia nikiwa na bukta. Suruali nilikuwa nayo, jamani. Kilichokosekana ni mkanda, na mkanda ulikuwa kazini.

Mashine yenyewe ni ile ya kizamani, ya kufungulia juu, yenye mnara wa plastiki katikati. Mafundi wanauita ajiteta. Wangu una vipande viwili: cha chini kinakwenda huku na huku, cha juu kinatakiwa kizunguke upande mmoja tu, kiwe kinazisukuma nguo chini. Kinachokizuia kisirudi nyuma ni vijino vidogo vya plastiki vilivyojificha ndani. Vikilika, kipande cha juu kinabaki pambo. Nguo za chini zinasuguliwa mpaka zinachakaa, za juu zinaelea tu.

Vyangu vililika. Nikagundua lini? Siku niliyofua mashuka ya mama mkwe. Yalitoka na povu upande mmoja na vumbi lake lilelile upande wa pili. Nikayatia kwenye beseni, nikasema hii kazi naimaliza leo kabla hajaja kuyachukua.

Kubadilisha vijino si kazi. Unabandua kifuniko cha juu, unafungua bolti iliyo chini ndani kabisa kwa soketi ya shingo ndefu, unauvuta mnara, basi. Maelezo yanasema "vuta". Aliyeandika "vuta" mashine yake ilikuwa mpya. Yangu ilikuwa na sabuni ya unga ya miaka mingi iliyogandia kwenye meno ya shafti, kile chuma kinachouzungusha mnara, ikafunga ndoa na kutu. Bolti ikatoka bila maneno. Mnara ukagoma. (Wajuaji, ndiyo, bolti nilitoa kwanza. Hilo swali limenichosha.)

Nikavuta, nikatikisa, nikabembeleza. Wapi.

Hapo rafiki yangu, simtaji, anajijua, akaleta wazo la maji ya moto. Nimpe haki yake, wazo lilikuwa la maana: plastiki ikipata joto hutanuka kuliko chuma, na ile sabuni nayo inalegea. Tukamimina mpaka kitako cha mnara kikazama, tukasubiri. Sasa plastiki yenye utelezi wa sabuni haishikiki, lazima upitishe kamba chini ya kitako upate pa kuvutia. Kamba hatukuwa nayo. Tukatazamana viunoni. Yeye kavaa suruali ya lastiki.

Nikavua mkanda wangu. Nikamwambia awashe tochi ya simu animulikie. Akawasha. Kumbe na kamera inakwenda.

Kuanzia hapa twende polepole, maana yeye klipu kaiongezea kasi.

Miguu nimeitanua, magoti nimeyabanisha kwenye ubavu wa mashine, ncha za mkanda nimezizungusha viganjani. Suruali imebaki kiunoni kwa heshima tu. Navuta. Kimya. Navuta tena, nasikia kitu kinalia krrr. Nikashangilia, nikijua ni mnara. Leo nahisi ulikuwa mgongo wangu. Suruali ikashuka kidogo, nikabana mapaja. Ila huwezi kuvuta kitu juu kwa nguvu zote huku umebana mapaja, hebu jaribuni hapo mlipo. Nikakata shauri: suruali tutaishughulikia baadaye.

"Hodi!"

Mtu mwenye huruma, akisikia hodi na mwenzake yuko katika hali ile, anasema "subiri kidogo". Rafiki yangu akaitikia "Karibuuu!" Kwa bashasha kabisa.

Nikashtuka. Na ule mshtuko ndio uliotoa nguvu iliyokuwa inahitajika muda wote. Mnara ukachomoka, plwaa! Ukaja juu wima ukanigonga kidevu. Nyuma yake yakaja maji ya vuguvugu, ute mweusi wa sabuni iliyooza, na soksi moja. Nikaenda chini chali, mnara nimeukumbatia kifuani, suruali imefika kwenye vifundo vya miguu. Bukta hiyo mnayoicheka ilinunuliwa nyeupe. Mashine hiihii ndiyo iliyoifua pamoja na kitambaa chekundu, ikawa pinki. Soksi imetua begani kwangu, imetulia.

Mlangoni kasimama mama mkwe.

Kuna wakati mwili unajiamulia wenyewe bila kukushirikisha. Wangu ulisalimia.

"Shikamoo, mama."

Nikiwa palepale sakafuni. Sauti ya adabu, imenyooka, hata haitetemeki.

Naye, Mungu ambariki mama wa watu, akageuka akautazama ukuta. Akauambia ukuta, "Marahaba, mwanangu." Halafu akauuliza ukuta kama mashuka yamekauka.

Na pale kwenye klipu mnaposikia mtu analia kwa kwikwi, si mimi. Ni mshika simu anacheka. Nimeona watu wazima wanabishania hilo, mmoja kaapa kabisa anaijua sauti yangu ya kilio. Ameisikia wapi?

Yaliyobaki ni mafupi. Vijino vipya vimeingia, meno ya shafti nimeyasugua kwa brashi, bolti imerudi mahali pake, na nguo sasa zinazama zinaibuka vizuri. Mashuka yamefuliwa upya, kayapeleka mke wangu. Jana mama mkwe alipiga simu kabla ya kuja, akapiga tena alipofika mlangoni. Kidevu kinaendelea kupungua. Soksi haijapata mwenyewe.

Huyo rafiki asubuhi hii kaja na blanketi lake, zito, eti kasikia mashine imepona. Nimempokea vizuri. Nikalitia ndani, nikajaza maji, nikaweka na sabuni, nikachomoa plagi. Blanketi litatoka klipu ikifutwa.