Mwenda wa Bayeke apande basi la Katuba

Ulaya kuna watu wanaotoa pesa nzuri kununua mashine ya michezo ya video ya PlayStation 2, kisha wanaiweka kabatini na kuipiga picha. Hapa Lubumbashi mashine hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2000, bado inafanya kazi ya kulisha mtu. Vijana wa Kenya na Katuba, mitaa ya mji wetu, wanalipa mechi kwa mechi. Ikikataa kusoma diski, fundi anaifungua kwa bisibisi, anapangusa lenzi kwa pamba yenye spiriti, na foleni inaendelea.

Mimi mwenyewe PES 6, mchezo wa kandanda wa mwaka 2006, siiachi. Aliyewahi kushika maneti, kile kidude cha kuchezea, anaukumbuka mguu wa kushoto wa Adriano, mshambuliaji wa Inter ya Italia: ukimpa nafasi hata kutoka mbali, kipa wako anaokota mpira wavuni. Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, haikuwemo katika mchezo ule. Halafu Desemba 2010, katika Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi, Mazembe ya kweli ikawafunga Internacional ya Brazil 2-0, kipa wetu Kidiaba akarukaruka kwa makalio dunia nzima ikimtazama, na fainali tukakutana na nani? Inter. Adriano alikuwa amekwisha kuondoka, lakini Eto'o alikuwepo, tukala tatu. Klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile, jamani. Hakuna mchezo wa video ulionipa hiyo.

Kwenye magari ni hivyo hivyo. Vitu vya Japani vilivyochakaa tunavitunza kwa mapenzi hata pale visipotufaa. Hiace nyingi zilitengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto, mlango wa abiria uko kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Basi mama na beseni lake anashukia katikati ya barabara, kondakta akiyapungia mkono magari yanayokuja nyuma. Gari dogo nalo ukiliwasha asubuhi, sauti ya dada mpole inakwambia kwa Kijapani uchomeke kadi ya kulipia barabara za huko. Tumezoea, hata hatumsikii tena.

Redio ndiyo inayonihusu zaidi. Redio ya gari la Kijapani kwa kawaida inashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, kwa hiyo stesheni nyingi za mjini haizipati. Ndiyo maana shofere anachomeka flashi, na kilichomo kwenye flashi ndicho mji mzima unachosikiliza kutoka Katuba hadi katikati ya mji: ndombolo, amapiano, nyimbo za kanisa. Sina ugomvi nazo, nami natikisa kichwa kama wengine. Ila sijawahi kumsikia humo Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wetu wa Katanga.

Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo! Katika wimbo wake "Masanga" anapiga kwa vidole viwili, gumba likitembea na besi na cha shahada kikichomoa nyuzi za juu, mpaka unaapa kuna mtu wa pili chumbani. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Hadi leo kuna wapiga gitaa wazungu wanaojifunza wimbo huo nota kwa nota, nao hata maneno yake ya Kiswahili hawayaelewi. Sisi tunaoyaelewa tumemwacha awe wa makavazi. Tunajua kufufua lenzi ya Sony, lakini gitaa lililozaliwa Katanga tumewaachia wengine walitunze. Hapo ndipo ninapokasirika.

Najua jibu: ni nyimbo za wazee, rekodi zinakwaruza. Sawa, lakini spika za mabasi yetu nyingi zimepasuka. Besi ya amapiano ikipita humo inatoka kama bati linalotikiswa. Gitaa moja na sauti ya mtu mmoja zinapita safi kabisa, unasikia hata kidole kikiteleza kwenye waya. Kwa spika hizi, mzee wa 1952 anawashinda wote.

Wala vijana siwalaumu, maana mtu hawezi kuomba asichokijua. Wale wanaopakia nyimbo kwenye flashi pembeni ya masoko wanapakia chochote unachowaletea. Mwenda na wapiga gitaa wenzake, Edouard Masengo na Losta Abelo: hao hakuna anayewaletea, ilhali kanda zao bado zimelala kwenye makabati ya baba zetu.